Rangi nne juu ya mlango mmoja: historia ya gari la zamani na rangi yake, Kasugho

Wengi huijua Kasugho kwa sababu ya gorila wa msitu wa Tayna. Wengine, tangu vita vilipopanda kutoka kusini mwa wilaya ya Lubero, wanaijua kama mahali walipofika usiku wakiwa na godoro kichwani na mtoto mgongoni. Leo sizungumzii gorila wala mapigano. Nazungumzia mlango wa gari.

Gari lenyewe ni Land Rover ya zamani, mali ya jamaa moja iliyohama. Lilifika hapa mwaka wa 2024, baada ya Kanyabayonga kuanguka mwezi wa 6. Lilikuwa limebeba watu kumi na wanne, sufuria, mbuzi wawili na mashine moja ya kushonea. Likaegeshwa chini ya mparachichi, likakaa miezi mingi, kuku wakataga mayai ndani yake. Sasa mtoto wa kwanza wa jamaa ile ameamua kulirudisha kazini ili libebe maharagwe na viazi mpaka soko la Lubero. Injini imetengenezwa. Breki zimetengenezwa. Imebaki rangi.

Mama wa jamaa alikubali kazi ifanyike, ila kwa sharti moja: gari lirudishiwe buluu ya marehemu mume wake. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu, kwa sababu gari lilikuwa jeupe, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekumbuka ile buluu ilikuwa ya namna gani. Fundi akachukua msasa, akasugua pembeni mwa mlango sehemu ndogo tu, kama upana wa kifuniko cha chupa ya Fanta. Zikatokea duara moja ndani ya nyingine, kama za mti uliokatwa. Nyeupe, kisha kijivu, kisha buluu, kisha kijani, na katikati bati lenyewe liking'aa.

Nilikaa siku mbili karibu na mlango ule. Nimeona kwamba rangi zile nne ni historia yetu sisi wenyewe, na kwamba asiyejua historia ya rangi iliyo chini ataharibu ile anayoweka juu. Tutaanzia chini.

Kijani: rangi iliyotoka kiwandani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa 4 mwaka wa 1948. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu kabla, na Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa chuma. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, maana viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Kwa hiyo mlango, bonneti na mabawa ya gari lile vilitengenezwa kwa bati la aluminiamu, na chesisi peke yake na sehemu chache zikabaki za chuma. Magari ya kwanza yote yalikuwa ya kijani.

Ndiyo sababu magari haya bado yapo vijijini kwetu wakati mengine ya umri wake yameliwa na kutu. Fundi alinionyesha kwa sumaku ndogo ya spika ya redio iliyokufa. Ilikataa kushika mlangoni, ikashika vizuri kwenye chesisi. Lakini aluminiamu ina tabia yake. Haiozi kama chuma, ila ni laini na rangi haitaki kuishikilia. Ukipaka rangi moja kwa moja juu ya aluminiamu tupu, baada ya mvua kadhaa itabanduka kama ganda la kitunguu. Lazima kwanza kuwe na rangi ya msingi yenye asidi kidogo, inayong'ata bati na kutengeneza mahali pa kushika. Wa kiwandani walifanya hivyo. Mafundi wetu wengi huruka hatua hii, halafu mwenye gari hulalamika kwamba rangi ya siku hizi ni mbaya.

Rangi ni kitu gani?

Kabla hatujapanda kwenye buluu, tuelewane juu ya neno hili rangi. Ndani ya kopo kuna vitu vitatu. Kuna unga unaotoa rangi yenyewe. Kuna gundi inayoushika ule unga na kuunata kwenye bati. Na kuna maji ya kuyeyushia, yaani tinya, yanayofanya vyote viweze kupakwa, kisha yanaruka hewani na kwenda zake. Kinachobaki juu ya gari ni unga na gundi. Kwa hiyo ukitaka kujua rangi fulani itafanya nini, usitazame kwanza kama ni nyekundu au nyeusi. Uliza gundi yake ni ipi.

Mwanzoni mwa magari, miaka zaidi ya mia moja iliyopita, gundi ilikuwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa. Mafuta yale hayakauki kwa kuruka hewani kama maji. Yanavuta hewa ya oksijeni na kuganda polepole. Gari moja lilipakwa tabaka juu ya tabaka, likisuguliwa katikati, na kazi ilichukua wiki kadhaa. Mnajua habari ya Ford, kwamba gari lake la Model T lilikuwa jeusi tu. Ni kweli kwa miaka ya 1914 mpaka 1925. Hapo mwanzo, na tena mwishoni, yalitoka ya rangi nyingine.

Mabadiliko yalitoka mahali ambapo mtu asingefikiri, kwenye baruti. Kampuni ya Marekani iitwayo DuPont ilikuwa ikitengeneza baruti kwa pamba iliyotiwa asidi. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, walitafuta kazi nyingine ya kitu kile. Waligundua kwamba pamba ile ikiyeyushwa vizuri hutoa rangi inayokauka haraka sana. Mwaka wa 1923 rangi hiyo, kwa jina la Duco, ilianza kutumika kwenye magari ya General Motors. Kazi ya wiki ikawa ya siku chache. Hii ndiyo familia ya rangi tunayoita selulosi. Inakauka kwa kuruka kwa tinya peke yake, na hata baada ya miaka ishirini ukiipaka tinya yake inayeyuka tena.

Halafu, kwenye mwaka wa 1930 hivi, ikaja familia ya tatu. Wakemia walichukua mafuta ya mimea wakayapika pamoja na vitu vingine, wakapata gundi iitwayo alkidi. Hii ndiyo enameli, ambayo hapa kwetu tunaiita rangi ya mafuta. Inang'aa yenyewe bila kusuguliwa, inaziba vizuri, inavumilia jua na matope, na bei yake si kali. Inakauka kwa njia mbili. Kwanza tinya inaruka, halafu gundi inaendelea kuvuta hewa na kuwa ngumu kwa siku na wiki. Tafadhali shikeni jambo hili la njia mbili, maana makosa karibu yote nitakayoyataja yanatoka hapo.

Buluu: rangi ya kahawa

Mwezi wa 7 mwaka wa 1975 baridi kali iliua mibuni kule Brazil. Bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni, na mwaka wa 1977 ikafika juu kabisa. Wazee wa Butembo, Beni na Lubero wanaukumbuka wakati ule. Serikali ya Mobutu ilikuwa imekwisha kuchukua biashara za wageni kwa tangazo la tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1973. Maduka mengi yalifungwa na barabara zilianza kuharibika. Wafanyabiashara wetu walijitafutia njia wenyewe. Kahawa ilivuka kwenda Uganda, na kutoka huko vikaja bati za nyumba, baiskeli, vipuri na makopo ya rangi.

Marehemu baba wa jamaa hii alinunua Land Rover yake mwaka wa 1977, ikiwa imetumika, kwa franka za kahawa. Hizo siku hela yetu ilikuwa zaïre, lakini mama anasema bado walisema franka, kama sisi leo. Alilipeleka Butembo likapakwa buluu kwa enameli. Buluu ile haikuwa urembo tu. Watu waliokuwa na kahawa au mgonjwa kandokando ya barabara waliliona gari kwa mbali wakajua ni nani anakuja, wakatoka nje na mizigo. Mama anasema watoto waliozaliwa njiani ndani ya gari lile ni watatu.

Tabaka la buluu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Fundi alichukua kitambaa, akakilowesha kwa tinya ya selulosi, akakibonyeza juu ya kila rangi kwa muda mfupi. Hii ndiyo mbinu ya mafundi wa magari ya zamani popote ulimwenguni, na mtu yeyote anaweza kuifanya. Rangi ikiyeyuka mara moja na kuchafua kitambaa, ni ya familia ya selulosi, au ya akriliki inayokauka kwa namna hiyo hiyo. Ikilainika polepole na kujikunja, ni enameli. Isipofanya lolote, ni rangi ya kopo mbili, ile inayochanganywa na dawa ya kugandisha, au imechomwa kwenye tanuri ya kiwanda. Nyeupe ya juu iliyeyuka papo hapo. Buluu ilikaa, ikaanza kukunjamana kidogo tu. Ndivyo tulivyojua.

Kijivu: rangi ya kujificha

Katikati ya nyeupe na buluu palikuwa na tabaka la kijivu, baya, lenye mistari ya brashi kama ya ukuta wa nyumba. Fundi alicheka. Mama hakucheka.

Mwishoni mwa mwaka wa 1996, vita vya AFDL vilipoanza, wanajeshi wa Mobutu walikimbia kuelekea kaskazini wakipora njiani. Gari zima lilikuwa kitu cha kwanza kuchukuliwa. Watu wengi walitoa magurudumu wakayazika shambani, wengine walitoa betri au dinamo. Baba wa jamaa hii alifanya hivyo, kisha akaongeza jambo moja. Alichukua mabaki ya rangi ya nyumba, akachanganya na majivu, akalipaka gari lote kwa brashi ili lionekane kama mzoga. Aliona aibu kulipaka hivyo, mama anasema, kama mtu anayemvika mwanawe magunia. Lakini askari walipita uani, wakalipiga teke, wakaenda.

Nilipokuwa kwenye shule ya uandishi wa habari tulifundishwa kwamba historia iko kwenye hati na sahihi. Kwetu hati nyingi zimeungua. Hapa sahihi ni mistari ya brashi.

Nyeupe, na kosa la mlango wa kwanza

Serikali ya mpito ilipoundwa mwaka wa 2003, barabara ya Kasindi ilichangamka upya. Baba akalitoa gari mafichoni. Fundi wa wakati ule alilipiga nyeupe ya selulosi iliyotoka Kampala, moja kwa moja juu ya kijivu. Kosa hilo ni la kawaida. Tinya ya selulosi ni kali, inapenya na kulainisha rangi za mafuta zilizo chini, halafu ya juu inakauka haraka wakati ya chini bado inasogea. Matokeo yake ni mipasuko kama ya udongo wa kiangazi. Kanuni ya zamani ni hii: enameli inaweza kuwekwa juu ya selulosi iliyokauka vizuri na kusuguliwa, lakini selulosi haiwekwi juu ya enameli.

Kwa hiyo uamuzi wa fundi wetu ulikuwa kuondoa nyeupe na kijivu, kufika kwenye buluu ngumu ya 1977, na kuweka enameli juu ya enameli. Buluu ile iliachwa iwe msingi. Pale tu bati lilipotokea ndipo ilipowekwa rangi ya msingi ya aluminiamu.

Hata hivyo tulipata ajali. Tinya ilinunuliwa sokoni ndani ya chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi yoyote. Muuzaji alisema ni tinya, basi. Mlango wa kwanza ulipigwa jioni, ukang'aa, kila mtu akafurahi. Kesho yake mchana fundi akaongeza tabaka la pili. Dakika kumi baadaye mlango mzima ukajikunja kama uso wa mzee. Yalikuwa makosa mawili kwa pamoja. Kile kilichokuwa ndani ya chupa kilikuwa tinya ya selulosi. Na tabaka la kwanza lilikuwa katikati ya ile safari yake ya pili, limekauka juu lakini ndani bado linavuta hewa. Enameli iongezewe tabaka la pili siku ile ile baada ya saa chache, kama kopo linavyoagiza, au iachwe siku nyingi mpaka iwe ngumu kabisa. Katikati ya hapo ni hatari.

Makopo yale yamesafiri kutoka Kampala, yakavuka Kasindi, yakapita Beni na Butembo, yakapandishwa huku juu kwa pikipiki. Kwa jamaa iliyohama, kupoteza nusu kopo ni kupoteza chakula cha wiki. Kijana wa mama alikaa chini ya mparachichi bila kusema neno. Fundi naye, nampa heshima, hakutafuta mtu wa kulaumu. Alichukua msasa akaanza upya.

Jinsi walivyochanganya na kuyeyusha

Kwanza waliitafuta buluu ya kweli. Rangi iliyopigwa na jua miaka mingi hudanganya. Walifungua kiti cha dereva, na chini yake, mahali ambapo jua halikufika kamwe, buluu ilikuwa nzito zaidi kuliko ile ya mlangoni. Hiyo ndiyo mama aliyoitambua.

Walikoroga makopo kutoka chini kabisa, maana unga huzama. Ngozi iliyoganda juu waliitoa, hawakuikoroga ndani. Walianza na buluu, wakaongeza nyeupe kidogo, kisha nyeusi kwa matone, kwa kuwa kutia giza ni rahisi na kulitoa ni kazi. Kila mchanganyiko ulipakwa juu ya kifuniko cha kopo, ukaachwa ukauke, kwa sababu enameli ikikauka mara nyingi hugeuka nzito kidogo. Waliangalia vifuniko nje kwenye kivuli mchana, si kwa taa. Rangi mbili zinaweza kufanana kwa taa na kutofautiana juani.

Kipimo kilikuwa kikombe kimoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho: buluu sita, nyeupe viwili, nyeusi nusu. Wakaandika kwenye daftari. Na walichanganya rangi yote ya gari kwa mara moja, kwa sababu ukiishiwa kwenye mlango wa mwisho hutaipata tena ile ile.

Kisha tinya. Tinya sahihi ya rangi ya mafuta ni ile iitwayo spiriti nyeupe, au terebentina. Wengi wetu tunatumia esansi au mafuta ya taa kwa sababu ndiyo yaliyopo. Esansi inaruka haraka mno, inaacha rangi bila mng'ao, na mvuke wake unavuta moto kutoka mbali. Mafuta ya taa hayaruki yote, kwa hiyo rangi inabaki ikinata siku nyingi na kushika kila vumbi la barabara.

Kiasi nacho kina maana. Kwa brashi, enameli nyingi hazihitaji zaidi ya sehemu moja ya tinya kwa kumi za rangi. Kwa pistole inafika mbili kwa kumi, wakati mwingine zaidi kidogo. Warsha kubwa hupima kwa kikombe chenye tundu chini, wakihesabu sekunde mpaka rangi iishe, na kwa enameli kwa kawaida ni 18 mpaka 25. Sisi tulichovya kijiti na kukiinua. Ikidondoka kama uji, ni nzito. Ikikimbia kama maji, umeiharibu, maana gundi imekuwa chache na rangi haitakuwa na nguvu. Ikishuka kama maziwa mazito, uzi mmoja unaokatika kuwa matone, basi.

Hapa milimani kuna mtego mwingine. Asubuhi ni baridi, na baridi inafanya rangi iwe nzito. Fundi asiye na subira anaongeza tinya, na jua likipanda rangi inakuwa nyepesi kupita kiasi, inashuka mlangoni kama machozi. Fundi wetu aliweka kopo ndani ya beseni la maji ya moto, mbali na jiko, likiwa limelegezwa kifuniko. Akachuja rangi kwa soksi nyembamba ya kike. Akapiga baada ya ukungu kuondoka na akaacha mapema mchana, ili umande wa jioni usikute rangi bichi.

Vumbi na watoto

Hapa nataka tusikilizane vizuri, hasa jamaa zilizohama zinazolala kwenye nyua zenye garaji.

Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, yaani ile madini nzito ya plombu. Ilitiwa kwenye nyeupe, kwenye manjano na kijani fulani, na kwenye rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Hatari yake ilijulikana zamani. Mwaka wa 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia nyeupe ya plombu ndani ya nyumba. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha plombu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo wake polepole, bila homa, bila dalili ya kumshtua mama.

Siku ya kwanza, waliokuwa wakisugua mlango ule walikuwa watoto wawili wa wahamaji, kwa msasa mkavu, vumbi likiwafunika mpaka kope. Waliahidiwa franka kidogo. Mita tano kutoka hapo sufuria ya sombe ilikuwa jikoni. Mimi mwenyewe nilipiga picha kabla ya kufikiri. Ni mama mwenye gari aliyesimamisha kazi. Alisema mume wake hakuficha gari lile ili lije kuua watoto wa wengine.

Baada ya hapo gari lilisukumwa mpaka nyuma ya uwanja. Kijana mmoja mkubwa, naye mhamaji, akafundishwa kusugua kwa maji, kitambaa kimefunga pua na mdomo. Kitambaa si kinga kamili, lakini maji yanazuia vumbi kuruka. Tope la rangi lilikusanywa na kuzikwa mbali na kisima na mashamba. Alinawa na kubadili nguo kabla ya kula na kabla ya kubeba mtoto.

Mambo mengine mafupi. Msichome rangi ya zamani kwa moto. Ndoo na makopo ya rangi msitumie kuwekea maji ya kunywa wala kupimia unga, hata mkiosha mara kumi. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta msivirundike pamoja, maana vinapovuta hewa vinapata joto na vinaweza kuwaka vyenyewe usiku. Vianikeni au vitumbukizeni majini. Na rangi ya kopo mbili, yenye dawa ya kugandisha, mvuke wake unaharibu mapafu. Haifai kupigwa uani kwa kufunga kitambaa tu puani.

Mlango ulivyo leo

Gari limekwisha kupakwa. Limekaa siku nyingi bila kubeba kitu, likisubiri kuwa gumu. Siku ya soko watu walisimama kulitazama. Mzee mmoja aliyetoka kusini kama wao alilitambua kabla hajamwona mtu yeyote wa jamaa ile. Alilipita, akarudi, akauliza jina la baba.

Chini ya kiti cha dereva fundi aliacha sehemu ndogo bila kuigusa, buluu ya 1977 kama ilivyokuwa. Na ndani ya mlango, chini ya kitasa, zile duara nne alizozisugua siku ya kwanza zimebaki pia, maana mama alikataa zifunikwe. Daftari lenye kipimo liko kwake, limefungwa kwenye plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo na karatasi za shamba wasiloweza kulifikia leo. Kijana aliyesugua kwa maji sasa anaitwa kwenye garaji nyingine, na jambo la kwanza analofanya huko ni kuomba kitambaa na tinya kidogo apime rangi iliyo chini.

Kama kwenu mna gari la zamani, au mliliacha nyuma mlipokimbia, andikeni rangi yake, nani aliipaka na mwaka gani. Andikeni kabla wenye kukumbuka hawajaondoka.